Tupa Ilikuwa Palepale Mezani

Onyesho lile la kifuko cha futi mmelitazama, na wengi wenu mmelisifu. Sina ugomvi na mkono wa fundi. Ngozi aliilowesha ikalowana sawasawa, akaisubiri mpaka rangi yake ikaanza kurudi. Mshono wake wa sindano mbili umenyooka kama uzi wa mwashi. Kingo amezisugua zikang'aa. Ugomvi wangu uko pale dume la kalibu, lile bonge lenye umbo la futi, lilipokwama nusu ya safari ndani ya jike, yaani plaiwudi iliyotobolewa, ngozi ikiwa katikati yao. Fundi akalegeza jiriwa, akaitoa ngozi, akaitazama kidogo, kisha akashika kisu na kuanza kuikwangua upande wa nyama. Tupa ilikuwa palepale mezani, pembeni ya mkono wake wa kulia, imelala juu ya kipande cha msasa. Hakuigusa. Kalibu lilikuwa limekosea, na ngozi ndiyo iliyoadhibiwa. Kwangu kifuko kilifia hapo, ijapokuwa kilishonwa, kikang'arishwa na kupigiwa makofi.

Tuanze na hesabu, maana kosa lenyewe ni la hesabu kabla ya kuwa la kisu. Futi ilikuwa ya mita 5, ya mraba, milimita 70 kwa 70. Dume lilichongwa kwa kipimo hichohicho. Ngozi ilikuwa ya milimita 3, ile ambayo wanaotumia hesabu ya Kimarekani huiita ya aunsi 7 hadi 8, kwa kuwa aunsi moja kwao ni karibu milimita 0.4. Jike lilitobolewa kwenye vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyogandishwa, na mdomo wake ukawa milimita 73 kwa 73. Hiyo 3 iliyoongezwa kwenye 70 ndiyo iliyomponza. Fundi alikumbuka kwamba ngozi ina unene, akasahau kwamba inapita kushoto na inapita kulia. Dume linaposhuka, kila upande unadai milimita zake 3, kwa hiyo mdomo ulipaswa kuwa 76. Kwa 73, kila ukuta umeachiwa milimita 1.5, yaani nusu ya haki yake. Ngozi iliyolowa hubonyea kidogo, nakubali, na ndiyo maana wapo mafundi wanaopunguza kama robo milimita kila upande ili ukuta ukae wima na pembe zikate vizuri. Lakini hakuna ngozi ya magome, yaani iliyodabaghiwa kwa tanini ya miti, inayobonyea nusu ya unene wake kwa nguvu ya jiriwa ya mezani. Ilipokwama haikuwa inakaidi. Ilikuwa inasoma hesabu kwa sauti, na mwenye kalibu hakutaka kusikia.

Sasa tuingie kwenye kisu chenyewe. Ngozi haifanani juu mpaka chini kama kipande cha mpira. Juu, kwenye uso uliokuwa na manyoya, nyuzi ni nyembamba na zimesongamana. Zinapendeza machoni na hushika chapa vizuri, lakini zikivutwa ni dhaifu. Chini yake, kuelekea upande wa nyama, nyuzi ni nene na zimesukana huku na huku kama ukili, na hizo ndizo zinazobeba mvuto. Anayekwangua milimita 1.5 kutoka upande wa nyama hajaondoa nusu tu ya nguvu ya ngozi. Ameondoa zaidi ya nusu, kwa sababu ameila ile sehemu yenye nguvu na kubakiza sura. Tena hakukwangua mahali popote tu. Alizungusha mkanda mwembamba pale hasa ambapo kuta zingesimama, ambako ngozi ingevutwa kuliko kwingine kote. Sehemu ya juu, inayolala bapa juu ya dume, ilibaki milimita 3. Pindo la nje, litakaloshonwa kwenye mgongo wa kifuko, likabaki milimita 3 vilevile. Ukuta peke yake, ndio unaosuguliwa na kiuno, na mlango, na futi yenyewe kila inapochomolewa, ukawa mwembamba kuliko vyote.

Mkirudia kutazama, simamisheni macho kwenye kona. Ngozi inapozamishwa ndani ya jike hufanya kazi mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Kwenye pindo la nje, karibu na kona, inazidi: duara kubwa linasukumwa liwe duara dogo, na ziada isiyopata pa kwenda hujikunja kuwa mikunjo. Kwenye bega la dume, pale juu inapogeuka kuwa ukuta, inapungua: inavutwa pande tatu kwa pamoja, na hapo ndipo hukonda kuliko popote. Kona ya kushoto ya kifuko kile, ilipotoka kwenye kalibu, ilikuwa na rangi hafifu kuliko uso wote. Ule ulikuwa uso unaovutwa bila nyuzi nene za kuushikilia kwa chini, na baada ya miezi ya kukunjwa na kukauka, hapo ndipo ufa utakapoanzia. Kuna jambo la pili, dogo kwa macho ila baya zaidi kwa kazi. Pale ambapo milimita 3 za pindo zinaisha na milimita 1.5 za ukuta zinaanza, kisu kiliacha ngazi. Ngazi hiyo imekaa chini kabisa ya ukuta, sambamba na mshono, mahali ambapo kifuko hukunjika kila mwenye nacho anapokaa au kuinama. Ukitaka kitu kikatike mahali fulani, utakifanyia hivyohivyo.

Nimekwisha kusikia jibu la kwanza: lakini kilitoka kizuri. Kweli, kilitoka kizuri. Kuta zilisimama wima, mstari wa chini ukakata kama umepigwa rula, na mtazamaji aliyezoea vifuko vilivyolegea akaona ustadi. Lakini ngozi ya milimita 1.5 yaweza kusimama wima ndani ya kalibu lolote, kwa sababu nyembamba hutii upesi. Mkate kwenye bati nao husimama. Ukali wa mstari hauletwi na kubana kupita kiasi. Unaletwa na nafasi iliyo sawa pande zote nne, mdomo wa jike uliolainishwa kidogo kwa msasa upande wa kuingilia ili ngozi iteleze badala ya kukwama, bega la dume lililovunjwa makali yake, na kona za wima zenye mviringo wa kutosha. Jike la onyesho lile lilikuwa na mdomo mkali kama lilivyotoka kwenye msumeno, na ndiyo sababu ya mikwaruzo minne inayoonekana chini ya kuta, ile ambayo fundi alikwenda kuifunika kwa rangi. Wanaosema kalibu la kubana ndilo linalotoa kazi safi wamechanganya mambo mawili: kalibu sahihi na kalibu dogo. La kwanza huacha alama ya mstari. La pili huacha alama ya kucha.

Jibu la pili lina uzito zaidi, na linastahili kujibiwa kwa heshima: kukwangua ngozi ni sehemu ya ufundi. Ni kweli. Hakuna mtengeneza mkoba asiyepunguza unene pale ngozi inapokunjwa juu ya nyingine, ncha ya mkanda inapopita ndani ya bizimu, au vipande viwili vinapopandana na kutishia kufanya nundu. Lakini angalia kila mfano kati ya hiyo: panapokwanguliwa, ngozi nyingine ipo ya kushika mzigo. Ncha ya mkanda ikishakunjwa imekuwa tabaka mbili, kwa hiyo kilichotolewa kwa kisu kimerudishwa kwa mkunjo. Ukuta wa kifuko kilichozamishwa kwenye kalibu hauna wa kuusaidia. Upo peke yake, umevutwa, umekauka katika hali ya kuvutwa, na utaishi hivyo. Kama tatizo lilikuwa kwamba ngozi ni nene mno kwa kalibu, na kalibu kwa sababu yoyote haliwezi kuguswa, basi lilikuwapo jibu la halali: kuchukua ngozi ambayo kwa asili yake ina milimita 1.5, yenye nyuzi zake zote, na kuitia bitana ikishakauka. Hilo lingekuwa badiliko la mpango. Alichofanya yeye kilikuwa kuuficha mpango ulioshindwa ndani ya ngozi yenyewe.

La tatu ni la uchumi, nalo husemwa kwa sauti ya kumaliza mjadala: ni kifuko cha futi tu, na muda ni mali. Nachukua nusu ya mwisho kwanza. Kupanua mdomo wa plaiwudi milimita 1.5 kila upande kwa tupa ya mbao na msasa ni kazi ya nusu saa, nyumba ikiwa na kelele. Kukwangua mkanda wa ngozi iliyolowa kuzunguka pande nne bila kutoboa si haraka zaidi, maana ngozi yenye maji hukimbia kisu. Tofauti kubwa ni kwamba kalibu likirekebishwa linatoa kifuko cha pili, cha kumi na cha hamsini bila kudai kitu. Lisiporekebishwa, kila kifuko kitahitaji kukwanguliwa upya, na kila kimoja kitatoka dhaifu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ama kuhusu kifuko cha futi tu: hebu fikiri anayekivaa ni nani. Ni mwashi au seremala, anayechomoa futi na kuirudisha mara nyingi kwa siku, mikono ina saruji, kifuko kimejaa mchanga unaosugua kwa ndani kama msasa. Kifuko cha miwani kinaweza kuishi na ukuta mwembamba kwa sababu mwenyewe anakionea huruma. Cha futi hakionewi huruma na mtu.

Kosa hili halikuzaliwa peke yake. Lina ndugu zake, na baadhi yao nimekuwa nikiwataja kwenye ukurasa huu mpaka mmechoka. Dume lilichongwa sawasawa na futi, bila nyongeza hata ya milimita moja, ilhali ngozi hujikunyata inapokauka. Kifuko cha siku ya kwanza kinachobana kwa raha huwa cha siku ya tatu kisichoachia. Kuta za dume zilinyooka wima kabisa, hazikuachiwa mteremko hata kidogo, ndiyo maana kulitoa kulihitaji bisibisi na nyundo. MDF ya kitako cha dume haikupakwa vanishi, ikanywa maji na kuvimba. Kwa haki, aliweka nailoni kati ya chuma cha jiriwa na ngozi, nami nampa mstari wake: chuma kikigusa ngozi ya magome iliyolowa hutoa doa jeusi lisilofutika, kwa sababu tanini na chuma vikikutana huwa wino. Na kwa wale walioandika kwamba haya yote yasingetokea kama kalibu lingetolewa kwenye printa ya plastiki, jibu langu ni lilelile la siku zote. Printa haijui unene wa ngozi mpaka uiambie. Ukiiambia 73 itakupa 73 safi kabisa. Plastiki ya PLA, inayotumiwa sana kwenye printa hizo, hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 60 za sentigredi, kwa hiyo anayeharakisha kukausha kwa oveni atatoa kalibu lililopinda, na akipandisha joto zaidi huku ngozi bado ina maji, ngozi ya magome nayo itaanza kusinyaa kati ya nyuzi 70 na 85. Hapo atakuwa amepoteza vyote viwili.

Na kwa kuwa nimetaja magome, nivumilieni aya moja. Kazi hii yote ya kulowesha na kuzamisha inawezekana kwa ngozi iliyodabaghiwa kwa tanini ya miti, kwa sababu hiyo ndiyo inayokunywa maji, ikalainika, na ikikauka ikashika umbo ililopewa. Ngozi ya kromu, ambayo Augustus Schultz aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1884 na ikaenea viwandani, imefanywa iwe laini na irudi ilivyokuwa. Ukiizamisha asubuhi, jioni imesahau. Lakini kromu ndiyo iliyojaa madukani kwetu, na fundi anayetaka ngozi ya magome huisaka kama dawa. Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliwahi kusafirisha magome ya mikandaa kutoka Rufiji na Lamu kwenda viwanda vya ngozi vya nje. Njombe kuna mashamba ya miwati ya kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949, na kiwanda chake cha kukamulia tanini. Tunayo dawa, tunayo ng'ombe, na bado fundi wetu akipata kipande kimoja cha ngozi ya magome ya milimita 3 huonekana amebahatika. Ndiyo maana kile kisu kiliniuma. Kipande adimu kama kile hakikwanguliwi ili kuokoa ubao wa plaiwudi.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo, na ninasema wazee nikijua kwamba nitaambiwa nawapendelea. Al Stohlman, Mmarekani aliyefariki mwaka 1998, aliacha vitabu vitatu kuhusu kutengeneza vifuko na makasha ya ngozi, kila hatua ameichora kwa mkono wake mwenyewe. Na msomaji wake hafiki mbali kabla ya kugundua kwamba unene wa ngozi umo kwenye hesabu tangu karatasi ya kielelezo, kabla kisu hakijatoka kwenye ala yake. Fundi viatu wa kawaida, awe wa Kariakoo au wa Gikomba, analijua hilo bila kitabu: kalibu lake la kiatu ni dume lisilo na jike, ngozi huvutwa juu yake kwa koleo na kupigiliwa, na kama mguu wa mteja una nundu, kipande cha ngozi hugandishwa juu ya kalibu mahali pa nundu. Kalibu ndilo linaloongezwa na kupunguzwa. Hakuna fundi viatu anayekwangua ubavu wa kiatu ili kalibu liingie. Chupa za ngozi za Uingereza ya kale, ambazo mtafiti John Waterer alizichunguza, zilishonwa kwanza, zikaloweshwa, kisha zikashindiliwa mchanga kwa ndani mpaka zikajaa. Mchanga ni kalibu linalofuata ngozi iendako, na likishamaliza kazi humwagwa.

Lakini kwa hoja yangu mfano ulio bora kabisa uko Agadez, nchini Niger, kwenye visanduku viitwavyo bata. Bonge la udongo huumbwa kwa umbo linalotakiwa, ngozi mbichi laini hutandazwa juu yake ikiwa na maji, hulainishwa kwa mkono hadi kila kona, kisha huachwa ikauke. Ikishakuwa ngumu, udongo hupondwa ndani na kumwagwa, na kisanduku hubaki chepesi, tayari kupambwa. Hapo hakuna jike, wala jiriwa, wala swali la milimita 73 au 76. Kuna kanuni moja tu iliyo wazi kuliko kwenye karakana yoyote yenye umeme: kinachovunjwa ni kalibu. Kuna atakayesema kwamba udongo ni rahisi na plaiwudi ni ghali. Kwa bei ya leo ya ngozi ya magome, naomba aipige hesabu hiyo upya.

Wapo pia watakaosema namhukumu mtu kwa sehemu ndogo ya kazi ya saa sita. Ni kweli, na nafanya hivyo kwa makusudi. Katika kazi ya kuzamisha ngozi, saa zote nyingine zinaweza kurudiwa: mshono mbaya unafumuliwa, rangi iliyozidi inasuguliwa, ukingo uliolegea unakatwa tena. Ngozi iliyokwanguliwa hairudishiwi nyuzi zake. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na ngozi nayo. Lakini ni kumkunja, siyo kumpara nusu ya nyama ndipo atoshe kwenye kikaango. Sifa nazo zina lawama katika hili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na fundi aliyepigiwa makofi kwa kifuko hiki atatengeneza cha pili kwa njia hiyohiyo, na walioona watamwiga, wengine wakiwa na kisu kizito zaidi na mkono mwepesi zaidi.

Habari njema ni kwamba jike lile bado halijafa. Lilale juu ya meza, lichorwe mstari wa penseli milimita 1.5 kutoka ukingoni kuzunguka pande zote nne, na kona zizungushwe kwa kifuniko cha chupa ya dawa ili mviringo uwe mmoja. Tupa ifuate mstari mpaka iufute. Msasa uvunje makali ya mdomo upande wa kuingilia. Vanishi mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Dume lenyewe lisiongezwe ubao: lizungushiwe tabaka chache za utepe wa karatasi wenye gundi mpaka liongezeke milimita moja, jike lipanuliwe sambamba nalo kabla ya vanishi, na kona za bega zipigwe msasa zipoteze ukali. Kisha lijaribiwe bila jiriwa. Likitengenezwa sawa, ngozi ya milimita 3 iliyolowa, isiyokwanguliwa popote, itashuka theluthi ya kwanza kwa uzito wa viganja viwili, na jiriwa itahitajika kuimalizia tu. Ikikwama kabla ya hapo, mnajua cha kufanya, na mnajua kiko wapi mezani.